Miezi mitatu na Sersi: uzoefu wangu na The Eternals ya Jack Kirby

Nianze na kosa, maana bila hilo kosa nisingekuwa na la kusema. Niliagiza mtandaoni The Eternals, katuni ya Marvel ya miaka ya 1970 iliyoandikwa na kuchorwa na Jack Kirby, lile toleo la jalada laini lililokusanya namba zote 19, yaani vijitabu vilivyotoka kimoja kimoja, pamoja na ile ya ziada ya 1977. Nikalipia, nikasubiri wiki tano, nikaitwa posta. Nikaifungua bahasha palepale dirishani, mama wa posta akinitazama kwa jicho la "na wewe na vikatuni vyako". Ndani nikakuta The Eternals nyingine kabisa, ile iliyoanza kutoka 2021, iliyoandikwa na Kieron Gillen na kuchorwa na Esad Ribić. Jina lilelile, watu walewale, kitabu sicho.

Muuzaji simtaji, tulishamalizana. Alikubali kosa lake baada ya picha mbili na barua pepe nne, akaniambia nibaki nacho hicho, akatuma kilicho sahihi. Kikaja baada ya mwezi, kona ya juu imekunjika kama sikio la paka aliyepigana usiku. Ukichanganya bei na usafirishaji, nimetoa zaidi ya shilingi laki moja na nusu za Tanzania. Mama watoto nilimwambia laki moja.

Kwa hiyo nimesoma vyote viwili karibu kwa pamoja, na filamu ya 2021 iliyotokana na katuni hizi nilikuwa nimeshaitazama. Ninachotaka kusema ni hiki: nunua cha Kirby, na ukinunue kwa ajili ya mtu mmoja tu, Sersi. Yule anayewekwa mbele kama shujaa mkuu, Ikaris, atakuchosha kabla hujafika katikati.

Kwa msiowajua watu hawa. Katika hadithi ya Kirby, zamani sana viumbe wakubwa kama milima, Celestials, walishuka duniani wakawachezea nyani chembe zao za uzazi. Wakatoka na matokeo matatu. La kwanza ni sisi binadamu. La pili ni Deviants, ambao damu yao haitulii: kila mtoto huzaliwa na umbo lake, hafanani na mama wala baba. La tatu ni Eternals, ambao mimi na binti yangu nyumbani tunawaita Wadumu. Ni wachache, wazuri wa sura, wanaruka, wanatoa miali machoni, na kufa kwao ni shughuli pevu. Wameishi nasi miaka maelfu, na sisi tukiwaona tumekuwa tukiwapa majina ya miungu. Zuras tukamwita Zeus, Thena tukamwita Athena, Makkari tukamwita Mercury. Makao yao, Olympia, yako milimani huko Ugiriki.

Na Sersi ni yule Circe wa Homer, mshairi wa kale wa Ugiriki, mwanamke wa kisiwani aliyewageuza mabaharia kuwa nguruwe.

Anatokea kwenye namba ya 3, ya mwaka 1976, na namna anavyotokea ndiyo iliyoniteka. Mpaka hapo kitabu kimekuwa kizito: pango la Wainka kwenye milima ya Andes, chombo kinashuka kutoka mbinguni, kila mtu anapaza sauti, kila sentensi ina alama ya mshangao. Halafu Deviants wanaivamia New York, na Ikaris anatafuta mahali pa kumficha Margo Damian, binti wa mwanaakiolojia. Anampeleka wapi? Kwenye ngome? Kwenye pango la siri? Anampeleka kwenye fleti ya mjini, kwa mwanamke mwenye nywele nyeusi na vazi la kijani ambaye shida yake kubwa, kwa kumtazama tu, ni kwamba ugomvi huu wa Ikaris unamharibia starehe.

Nilicheka kwa sauti. Tumezoea kwamba mtu asiyekufa lazima awe na huzuni, asimame dirishani mvua ikinyesha, akumbuke wapenzi waliotangulia. Sersi hana muda huo. Anapenda ngoma, anapenda watu, anapenda kelele za mjini. Ndugu zake wanakaa Olympia kwenye mnara wao, safi, wenye hekima, wakizungumza kama hotuba za sikukuu. Yeye kaamua kupanga fleti katikati ya watu wanaokufa. Kirby haelezi kwa nini, na nadhani alifanya vizuri kunyamaza. Ukimwona Sersi chumbani pamoja na Zuras unaelewa mwenyewe kwa nini mtu angehama.

Tazama pia anavyomchorea mikono. Kirby alikuwa mtu wa ngumi. Ndiye aliyechora, pamoja na Joe Simon, lile jalada la kwanza la Captain America la 1941 ambapo Hitler anakula konde la uso, na vidole vyake vinajulikana dunia nzima: vya mraba, vinene, kama matofali yaliyopangwa. Wanaume wote wa kitabu hiki wanazo hizo ngumi. Sersi hanazo. Anapobadilisha kitu, na uwezo wake mkubwa ni huo wa kubadilisha kitu kuwa kitu kingine, mkono unanyooka taratibu, kiwiko kikiwa kimelegea, kama mtu anayeonyesha mhudumu meza anayoitaka. Ikaris akitumia nguvu zake anakunja uso mpaka mishipa inasimama. Sersi hata nyusi hazisogei. Nilikaa na ukurasa mmoja wa namna hiyo nikalinganisha, kidole changu juu ya karatasi, nikaona kwamba mzee huyu, aliyekuwa anakaribia miaka 59 wakati anauchora, alijua kabisa anachokifanya.

Sasa kile kitabu kingine nilicholetewa kwa makosa. Samahani kwa aliyekuwa anataka kukutana nalo mwenyewe, lakini ndani ya kile cha Gillen kuna jambo linalobadilisha kila kitu: Mdumu akiuawa anafufuliwa, na kila anapofufuliwa, binadamu mmoja mahali fulani duniani anakufa ili kulipia. Ni wazo kali. Nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji. Michoro ya Ribić nayo ni ya kifahari, utadhani imepakwa rangi ukutani kanisani. Ila baada ya hapo kila Mdumu amebeba jeneza la mtu mgongoni, na Sersi ninayemtaka mimi hawezi kucheza ngoma na jeneza mgongoni. Nakiheshimu kitabu hicho. Kukisoma tena, labda siku nyingine.

Filamu ndiyo ilinisumbua zaidi. Sersi wa filamu, anayeigizwa na Gemma Chan, ni mpole, ana huruma, anafanya kazi kwenye jumba la makumbusho la elimu ya viumbe mjini London. Ni mtu mwema ambaye ungependa akufundishie mtoto. Si mtu ambaye ungependa akualike sherehe. Na ule ugonjwa wa kumbukumbu, ambapo Mdumu analemewa na maelfu ya miaka aliyoishi mpaka akili inapasuka, filamu imempa Thena, lakini kwenye katuni za miaka ya 1990 aliyehusishwa nao sana ni Sersi mwenyewe, alipokuwa amejiunga na Avengers, lile kundi la mashujaa wa Marvel. Yaani hata huko waliona mwanamke anayecheka miaka elfu tano lazima awe na kasoro kichwani. Kwa Kirby hakuna ugonjwa huo. Anacheka kwa sababu mambo yanachekesha.

Aliyemkaribia Kirby, kwa ninavyoona, ni Neil Gaiman na John Romita Jr. kwenye zile namba saba zilizoanza 2006. Huko Wadumu wamesahau wao ni nani, na Sersi, hata akiwa hajijui, anajikuta anafanya kazi ya kupanga sherehe za watu New York. Nilipolisikia hilo nilisema, naam, huyo ndiye.

Turudi kwenye kitabu chenyewe kama bidhaa. Ni karibu kurasa 400, kizito, ukikisoma umelala chali mikono inachoka kabla ya macho. Karatasi inang'aa, na hilo ndilo lalamiko langu la kwanza. Katuni hizi zilichapwa mwanzo kwenye karatasi ya bei poa iliyonyonya wino, rangi zikapangwa kwa kujua hilo. Ukizichapa kwenye karatasi ya kung'aa, nyekundu inakuwa nyekundu ya kupiga kelele na manjano inachoma macho. Usiku chini ya taa ya balbu nililazimika kukiinamisha upande kama mtu anayekagua noti bandia.

La pili ni mgongo. Kirby anapenda kuchora picha moja kubwa inayolala juu ya kurasa mbili, na zile ndizo picha za kulipia hela: Celestial amesimama, watu miguuni pake ni kama sisimizi. Mgongo umebanwa kwa gundi, kwa hiyo katikati ya picha inazama kwenye ufa. Ukilazimisha kufungua, unasikia gundi inalia. Mimi nililazimisha. Sasa hivi kuna kurasa mbili zinatikisika kama jino la mtoto wa miaka sita.

Lakini wino! Kuna kitu Kirby anafanya anapotaka kuonyesha nguvu za anga: badala ya kuchora mwanga, anajaza vidoa vyeusi vya duara, vidogo na vikubwa, vimebanana, vinazunguka kiini cheupe. Binti yangu alivitazama akasema, "Baba, ni mbegu za papai." Tangu siku hiyo siwezi kuviona vingine. Papai limepasuliwa angani, na katikati yake anashuka Arishem, yule Celestial aliyekuja kuihukumu dunia.

Kiingereza chake nacho kina shughuli yake. Kirby aliandika mwenyewe, akachora mwenyewe, akahariri mwenyewe, na maneno yake si ya watu wanaoongea, ni ya watu wanaotangaza. Hakuna anayesema "njoo". Ni "njoo, kabla mbingu hazijafunguka!" Mwanzoni nilikuwa naruka viputo vya maneno. Baadaye nikagundua ukiyasoma kwa sauti yanakaa sawa, kama mtu anayeghani utenzi: sauti ya juu inakubalika kwa sababu jambo lenyewe ni la juu. Aliyezoea katuni za siku hizi, zenye watu wanaonong'ona kurasa tatu, ataona vigumu.

Binti yangu, ana miaka 13, alikuwa na sababu yake ya kukisubiri kitabu. Alimpenda Makkari wa filamu, yule dada mweusi asiyesikia anayekwenda kasi kuliko sauti, aliyeigizwa na Lauren Ridloff, ambaye hata yeye mwenyewe ni kiziwi. Akapekua kitabu kwa haraka, akakwama, akaniletea.

"Baba, huyu wameandika Makkari."

"Ndiye."

"Huyu ni mwanaume. Tena mzungu."

Nikamweleza kwamba huyu ndiye wa mwanzo, wa 1976, na filamu ndiyo iliyobadilisha. Akafikiri. "Basi walirekebisha," akasema, akakirudisha mezani. Siku nne hakukigusa. Mzazi mwenzangu unayemnunulia mtoto kwa sababu ya filamu, jua hilo mapema: Kingo naye kwenye kitabu ni nyota wa filamu za samurai Japani, si wa Bollywood, na wengi utakaowatafuta hutawakuta kwa sura ulizozizoea.

Kilichomrudisha ni Karkas. Na hapa nikiri kwamba hata mimi, pamoja na kumsifu Sersi kote huku, kurasa nilizozirudia mara nyingi kuliko zote hazina Mdumu anayeng'aa hata mmoja katikati yake. Kuanzia namba ya 8 Thena anakwenda Lemuria, mji wa Deviants ulioko chini ya bahari, akiwa mgeni wa Kro, mbabe wao wa vita ambaye zamani walipendana. Wanamtembeza, kisha wanamkalisha uwanja wa mapigano. Wanatolewa wawili wapigane. Mmoja ni jitu jekundu la kutisha, mdomo kama pango, ndiye Karkas. Mwingine ni kijana mzuri mwenye sura ya binadamu kabisa, na kwa sababu hiyohiyo kwao yeye ndiye aliyelaaniwa, anaitwa Reject, yaani Aliyekataliwa. Unadhani unajua nani wa kumwonea huruma. Halafu kijana mzuri anaanza kupigana, na hana utu hata chembe, ni mashine ya kuua. Na baadaye lile jitu linafungua mdomo linaongea taratibu, kwa adabu, kama mwalimu mstaafu, likiomba hifadhi. Thena anawachukua wote wawili.

Kirby alipelekwa vitani Ulaya mwaka 1944 akiwa askari wa miguu, akarudi na miguu iliyoharibiwa na baridi. Sitaki kusema mengi juu ya hilo, ila uwanja ule haukuchorwa na mtu aliyesoma habari za vita gazetini.

Kuna mtu mwingine wa kumtazama, naye ni binadamu wa kawaida, Daktari Damian, baba yake Margo. Celestials wanapofika Andes eneo lile linafungwa. Atakayebaki ndani hatoki, na hukumu ya Arishem juu ya dunia itachukua miaka 50. Mzee anajua hana miaka 50. Anabaki hata hivyo, kwa sababu maisha yake yote alikuwa anachimba vigae akitafuta hao hao waliosimama mbele yake, na binti yake anaondolewa akilia. Mwenye miaka elfu kadhaa anataka kwenda kwenye ngoma, mwenye miaka michache iliyobaki anaichoma yote kwa kutazama. Kirby aliwaweka wawili hao, Sersi na mzee, ndani ya kitabu kimoja bila kuwalinganisha kwa maneno.

Sasa kasoro, na moja si ndogo.

Mzizi wa hadithi nzima ni lile wazo lililovuma sana miaka ya 1970, kwamba watu wa kale hawakuweza kujenga walivyojenga bila msaada wa wageni wa angani. Kitabu kinaanza na pango la Wainka, na tunaambiwa michongo ile ni kumbukumbu za wageni. Kwenye katuni unaweza kupita tu. Mimi nilikwama. Sisi watu wa huku tunaujua huo wimbo. Great Zimbabwe waliambiwa imejengwa na Wafoinike, na yeyote yule alimradi asiwe Mshona. Magofu ya Kilwa na miji mingine ya pwani nayo kwa muda mrefu wasomi wa kikoloni waliyaandika kama kazi ya wageni waliotoka ng'ambo, wenyeji wakiwa wabeba mawe. Wainka walichonga mawe yao wenyewe. Kirby hakuwa na nia mbaya, tena kwake hata Wagiriki wamepokonywa miungu yao, hakubagua. Lakini ukimpa kijana kitabu hiki, mwambie na hilo. Mimi nilimwambia wangu, akaniuliza kwa nini basi nimekinunua. Bado natafuta jibu zuri.

Kasoro ya pili ni kwamba kitabu hakiishi. Yaani kinakatika. Mauzo hayakuwa mazuri, namba ya 19 ikatoka ikiwa na tarehe ya Januari 1978, na Arishem bado amesimama na hukumu yake mkononi. Kabla ya hapo kuna namba tatu za Hulk (lile jitu la kijani la Marvel) wa bandia, roboti aliyetengenezwa na wanafunzi akapata nguvu za anga, ambazo zinanuka harufu ya ofisi ikisema "weka mtu anayeuza". Zipitie haraka. Nyuzi zilizobaki zilikuja kufungwa na watu wengine ndani ya Thor, katuni nyingine ya Marvel, lakini hayo hayamo humu, na ukifika ukurasa wa mwisho utageuza kuona kama kuna kilichonata.

Na Ikaris. Sitaki kumsema sana. Ni mkavu kama muhogo wa jana.

Jambo moja la kuchekesha alilitoa binti yangu tena, penseli mkononi. Miaka 50 ya Arishem, ukihesabu kuanzia 1976 kitabu kilipoanza, inaishia 2026. Ameiandika tarehe hiyo kwa penseli pembeni ya ukurasa, na mshale. Nilitaka kumgombeza kwa kuchafua kitabu cha laki na nusu, nikakumbuka nyumbani kinajulikana kama cha laki.

Nakipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya ule mgongo wa gundi. Kama huna haraka na fedha inauma, soma kwanza nakala ya kidijitali, rangi zake kwenye skrini hazipigi kelele sana na picha za kurasa mbili hazizami popote. Lakini kwenye simu hautaona ule mkono wa Sersi vizuri.

Changu kwa sasa hakipo nyumbani. Jirani aliniona nacho barazani, akapekua mbili tatu, akauliza, "Huyu dada wa kijani ni nani?" Nikamwambia. Akaomba akiazime, atakirudisha Jumamosi. Zimepita Jumamosi tatu, na kila nikimuuliza anasema bado yuko kwenye namba ya 3.